Njia Aliyoipanga Mume Wangu

Mume wangu Asukile ni mpishi, na mpishi mzuri, hilo simnyimi. Mkate wake huumuka, mchuzi wake una ladha, na sijawahi kumwona akiunguza maziwa ya mtu anayemlipa. Angebaki jikoni, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Asukile ana ugonjwa mmoja ambao dawa yake haikupatikana Rungwe alikozaliwa wala Iringa alikokuja kutafuta kazi: hawezi kusema "sijui." Mwulize njia ya kwenda mahali asipopajua, atakuonyesha kwa mkono mzima, si kwa kidole. Mwulize dawa ya jicho, atakutajia mzizi. Tangu anioe, neno hilo nimelisikia kinywani mwake pale tu ninapomwuliza alilala wapi.

Tulikaa Kihesa, hapo Iringa, katika nyumba ya udongo niliyoikandika mwenyewe. Yeye alipanda kila asubuhi kwenda uzunguni, kwa mzungu mmoja mkulima wa tumbaku. Jina la mzungu yule lilikuwa gumu, sisi tukamwita Bwana Futi, kwa kuwa hakutoka nje bila utepe wa kupimia mfukoni. Alipima miche, alipima ng'ombe, alipima hata mlango kabla hajapita, na yeye mwenyewe mwembamba kama mpini wa jembe.

Mungu alitupa mabinti wawili, Esta na Lea. Walipoanza kuota meno ya ukubwani, Asukile aliwapeleka Ilomba, huko Mbeya, kwa dada yangu Damari. Alisema Iringa ni mahali pa kazi, si pa kulelea wasichana. Mimi sikuulizwa. Esta alipoolewa, Asukile alikwenda harusini na mimi nikabaki, kwa sababu, alisema, lori limejaa. Baadaye nilikuja kusikia lilijaa nini: rafiki zake wa kupiga nao soga, na jogoo wa zawadi ambaye alipewa nafasi ya kukaa mbele na dereva. Esta alitoka nyumbani akishikwa mkono na shangazi zake. Niliambiwa aligeuka nyuma mara nyingi, akitafuta mtu.

Kwa hiyo watu wa kanisani walipotuletea habari kwamba Lea naye anafunga ndoa, Jumamosi ile baada ya mavuno ya mpunga, nilimwekea Asukile chakula, nikangoja ashibe, nikamwambia, "Baba Lea, safari hii jogoo abaki."

"Nani amesema kuna jogoo?"

"Lea hatoki nyumbani bila mimi kuwepo. Nikikosa na huyu, sina mwingine wa kuolewa."

Alinawa mikono taratibu. "Wewe tulia," akasema. "Njia naipanga mimi."

Maneno hayo yangenitosha kujua.

Mwezi ule Bwana Futi alikuwa amepata nyumba ya magurudumu. Ilikuwa nyumba kweli, ya mbao na bati, yenye vitanda vya kukunja, jiko, bomba la moshi, mlango nyuma na dirisha kubwa mbele, ya kukokotwa na Landrova. Watu wa Kihesa walipanda kwenda kuitazama. Mzee mmoja wa Kihehe aliizunguka mara kadhaa kisha akauliza, "Huyu mzungu amefukuzwa kwao?" Kwa sababu mtu mwenye nyumba ya mawe, bustani na watumishi, akiamua kukaa ndani ya sanduku barabarani, lazima liko jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa mapumziko. Bwana Futi alitaka kwenda na mkewe mpaka Mbeya, halafu ashuke ziwani Nyasa akavue samaki ambao angeweza kuwanunua sokoni. Pamoja na nyumba kilikuja kitabu chembamba kutoka Ulaya, cha kumfundisha mwenye nyumba namna ya kupanga safari. Bwana Futi alikisoma kama sisi tusomavyo Zaburi.

Siku ya kupanga njia nilikuwepo, maana Memsabu aliniita nimsaidie kushona mapazia ya nyumba ile. Tulikaa barazani, mimi chini na sindano, yeye kitini na sindano. Bwana Futi alitandaza ramani mezani, akaweka kitabu juu yake, akamwita Asukile kutoka jikoni. Asukile alikuja na aproni yake nyeupe, mikono nyuma, kama shahidi wa serikali.

"Mpishi, wewe unaijua njia ya Mbeya?"

"Kama kiganja changu, Bwana."

Njia ile alikuwa amepita amelala juu ya magunia, usoni amejifunika kofia.

"Kitabu kinauliza kama kuna madaraja."

"Yapo, Bwana."

"Yana nguvu?"

"Mengine yana nguvu, Bwana. Mengine yana nia."

Bwana Futi aliandika. "Kinauliza tena kama kuna handaki. Barabara inaingia ndani ya mlima upande huu, inatokea upande wa pili."

Asukile alitazama dari. Niliacha kushona. Nilijua anatafuta nini kule darini, na nilijua atakipata.

"Yapo, Bwana."

"Mangapi?"

"Mawili. Moja ni kubwa."

"Kwenda juu yanafika wapi?"

Asukile aliinua mkono juu ya kichwa chake. Kisha akaona macho ya Bwana Futi yamekimbilia uani, kwenye bomba la moshi la nyumba ile, naye kwa huruma akaushusha mkono kidogo. Bwana Futi alitoa utepe, akaupima ule mkono kutoka sakafuni hadi kwenye vidole, akaandika. Jioni ile aliletwa fundi, bomba la moshi likakatwa kwa msumeno, likabaki kisiki. Tangu siku ile moshi wa jiko lile ulitoka kwa njia ya macho ya watu.

Nilimfuata Asukile jikoni. "Baba Lea, handaki umeliona wapi?"

"Milima ipo au haipo?"

"Ipo."

"Basi handaki halikosi. Wewe shona."

Nilirudi barazani nikashona. Wakafika kwenye mito. Bwana Futi aliweka kidole kwenye ramani, pale barabara inapouvuka mto Mbarali, akauliza habari za daraja la Igawa.

"Lile usiliamini, Bwana," alisema Asukile. "Tena lina kingo, litabana nyumba. Afadhali tukate kulia, tuteremke Rujewa. Huko kuna pantoni."

"Pantoni? Kwenye ramani sioni."

"Ramani imechapwa zamani, Bwana. Pantoni lile limevusha mashine ya kukoboa mpunga, chuma kitupu. Litashindwaje na nyumba ya mbao?"

Hapo nilijidunga sindano. Si kwa sababu ya pantoni. Pantoni nilijua halipo, kama handaki. Ni kwa sababu ya Rujewa. Baba yake Asukile alikuwa amehama Rungwe akaenda huko Usangu kulima mpunga, kama Wanyakyusa wengi walivyofanya miaka ile, akajenga karibu na mto. Asukile hakuichagua Rujewa kwa ajili ya daraja bovu. Alitaka baba yake na kijiji kizima wamwone anawasili na nyumba inayotembea, yeye mbele na mzungu nyuma yake akiomba ushauri.

Kwa asiye Mnyakyusa itabidi nieleze. Kwetu mke hamwoni baba mkwe wake. Tunaita ukutila, yaani kumwogopa. Ukimwona anakuja njiani, unaacha njia, unaingia kichakani, unageuza uso mpaka apite. Hamkai chini ya paa moja. Jina lake hulitamki, na ndiyo maana halimo humu, msilitafute. Misioni walituhubiria kwamba katika Kristo hakuna mkwe, wengine wakalegeza, lakini baba yake Asukile hakuwa wa kulegeza. Alikuwa mzee wa kanisa, na mambo yote mawili aliyashika kwa mikono miwili: Jumapili alisema sisi sote ni ndugu, Jumatatu alikohoa kwa mbali ili wake wa wanawe wapate kukimbia.

Kwenye njia ya kawaida mambo haya yana nafuu. Kichaka hakikosekani. Lakini fikiri mwenyewe: darajani utaacha njia uende wapi? Kwenye pantoni utaingia kichaka gani? Mwanamke wa Kinyakyusa akipanga safari, hawaulizi watu kama daraja lina nguvu. Anauliza nani yuko ng'ambo.

Nilimwambia hivyo Asukile njiani tukirudi nyumbani. Alicheka.

"Mama Lea, wewe utakuwa ndani ya nyumba. Mapazia mmeshona wenyewe. Tutasimama kidogo, nitamsalimu mzee, tutaondoka. Hata hatajua kama upo."

"Na akitaka kuingia kuitazama?"

"Mzee ataingiaje nyumba ya mzungu?"

Ninyi mnaosoma mmeshajibu. Yeye peke yake ndiye hakuona.

Tuliondoka Kihesa Alhamisi. Mimi nilipewa kona nyuma ya pazia, kati ya sufuria na pipa la maji, kibweta changu magotini. Ndani ya kibweta mlikuwa na gauni nililolishona la harusi ya Esta na ambalo halikuvaliwa. Jiko liliwashwa, moshi ukakosa pa kutokea, Memsabu akalia, mimi nikalia, na Asukile aliyekaa mbele kwenye Landrova akamwambia Bwana Futi kwamba wanawake wakisafiri wana majonzi. Kila tulipokaribia mlima Bwana Futi alipunguza mwendo akauliza kama handaki ni hapa. "Bado, Bwana," nilimsikia Asukile akisema. Tulipofika Makambako hakuna mlima tuliouingia. Asukile akaeleza kwamba bila shaka serikali imeyafukia, kwa usalama.

Ijumaa asubuhi tulikata kulia tukateremka Rujewa. Mpunga ulikuwa umeshakatwa, mabua yamelala mashambani, na mto Mbarali bado umejaa maji ya masika. Pantoni lilikuwa mtumbwi. Mwenye mtumbwi alikuwa Msangu, amekaa ukingoni anakula kiazi. Bwana Futi alishuka, akatoa utepe, akapima mtumbwi: urefu, upana, kina. Kisha akaipima nyumba upya, pengine imepungua njiani.

"Mashine ya mpunga ilivukaje hapa?" aliuliza.

Msangu aliacha kutafuna. "Mashine ipi?"

"Ya kukoboa."

"Ile imejengwa upande huu, Bwana. Haijavuka popote. Ina nini cha kuvukia?"

Niliyasikia hayo nyuma ya pazia, na nisiwafiche, niliyafurahia. Asukile alisema pantoni limepelekwa kufanyiwa matengenezo. Bwana Futi alifunga utepe, akasema turudi Igawa, darajani, kama ramani ilivyosema tangu mwanzo.

Furaha yangu haikudumu. Habari za nyumba inayotembea zilikwisha kufika nyumbani kwa mkwe, na mkwe alikuwa anakuja. Nilimsikia akikohoa kwa mbali, ule mkohoo wake wa Jumatatu. Nikajifunika khanga kichwani, nikageukia ukuta wa bati.

"Hii ndiyo ile nyumba?" aliuliza.

"Ndiyo hii, baba," alijibu Asukile. Sauti yake ilikuwa imenyooka kama ya mwenye nyumba.

"Inakwenda Mbeya?"

"Inakwenda, baba."

"Mjukuu wangu anaolewa kesho na mimi hapa nilikuwa natafuta usafiri. Mungu si Athumani. Nitakwenda nayo. Leteni yale magunia ya mpunga ya harusi."

Ulikuwa ndio wakati wa mtu mzima kusema: baba, mkazamwana wako yumo ndani, anakwenda kumtoa mwanawe, nafasi hakuna. Maneno machache tu. Ng'ombe angeyasema kama angejua Kiswahili.

"Karibu sana, baba," alisema Asukile.

Kisha nikasikia kucha zake zikikwaruza bati karibu na sikio langu. "Mama Lea."

Nikaivuta khanga zaidi.

"Mama Lea, mzee anapanda. Shuka kwa dirisha la mbele. Taratibu, asikuone."

"Na mimi nitafika Ilomba na nini?"

"Nenda Igawa, si mbali. Utapata lori."

"Baba Lea. Lori limejaa."

Alielewa. "Sasa unataka nimwambie mzee ashuke? Unataka tuvunje mila kwa sababu ya harusi?"

"Mila inasema tusikae pamoja. Haijasema nani atoke."

"Mama Lea, anaweka mguu mlangoni."

Nikatoka. Mkwe aliingia kwa mlango wa nyuma akisaidiwa na mwanawe, na mimi nikatoka kwa dirisha la mbele nikisaidiwa na Memsabu, ambaye alishika kibweta changu na hakuelewa hata kimoja. Nilijificha nyuma ya Landrova, halafu nyuma ya lundo la mabua. Walipakia magunia. Ndani hayakutosha, kwa hiyo Asukile akayafunga kwa kamba nje, kulia na kushoto, yakiwa yamevimba kama mashavu ya mtoto anayeficha sukari. Bwana Futi alikuwa amekwisha kupima, na hakupima tena. Wakaondoka, na kwenye dirisha nililotokea niliona kofia ya mkwe.

Mwenye mtumbwi alinitazama. "Mama, nikuvushe?"

"Ng'ambo kuna barabara?"

"Kuna nyasi na viboko."

"Basi barabara ya Igawa ni ipi?"

Nilitembea jua likiwa linapanda, kibweta kichwani. Sitawaambia nilichokuwa nawaza juu ya Asukile, maana huenda watoto wanasomewa. Nilichokitaka kilikuwa kimoja: kesho Lea akitoka mlangoni, akigeuka nyuma, anione.

Igawa nilisikia kelele kabla sijaona mto. Magari yalikuwa yamepanga foleni na watu wameshuka. Katikati ya daraja ilisimama nyumba ya Bwana Futi, imebana kati ya kingo kama kizibo. Nyumba yenyewe ilikuwa inapita, sawasawa na vipimo. Yaliyobana ni magunia. Asukile ndiye aliyekuwa ametangulia kwa miguu kumpungia Bwana mkono, njoo, njoo, mpaka kamba zikalia na nyumba ikakataa kwenda mbele wala nyuma.

Niliwauliza waliokuwepo kwa nini wasiyakate magunia. Mwanamke mmoja wa Kibena aliyekuwa anauza ndizi alinijibu, "Kuna mzee mle ndani. Kila wakishika kisu anauliza, 'Mpunga wangu ukimwagika mtoni, harusini mtakula mchanga?' Sasa wanauchota kwa bakuli kupitia madirishani. Bakuli moja moja. Mzungu anapima."

"Na watu wanavukaje?"

"Wanapita ndani ya nyumba. Unaingia mlango wa nyuma, unatokea dirisha la mbele. Nenda kaone, ni kichekesho. Ng'ambo kuna lori la viazi lilikuwa linakuja Iringa, dereva amechoka kungoja, anageuza kurudi Mbeya. Wahi, anachukua abiria."

Nilisogea mpaka mwanzo wa daraja, nikasimama. Watu walikuwa wanapanda mlango wa nyuma mmoja mmoja, wakipiga hodi kweli, na ndani nilimsikia mkwe akiwapokea. "Karibu. Karibu ndani. Pole na safari. Angalia jiko hapo." Moshi ulikuwa unafuka mlangoni. Akina mama walipita na kuku, akina baba na baiskeli juu ya vichwa, wote wakitokea upande wa pili wakikohoa na kucheka. Hata mbuzi alipita. Katika barabara yote ile, kutoka Iringa hadi Mbeya, mtu mmoja tu ndiye hakuweza kupita nyumba ile, naye ndiye mama wa bibi harusi.

Mwuza ndizi alinifuata. "Mama, mbona unasimama? Lori litaondoka."

"Yule mzee ni mkwe wangu."

Alinitazama, akatazama nyumba, akapiga makofi mara moja. "Ninyi Wanyakyusa," akasema. "Mngeumbiwa mabawa."

Ng'ambo yule dereva alikuwa anageuza lori. Nilishuka ukingoni nikitazama maji. Yalikuwa mengi na mekundu. Hapo ndipo nilipowaona mafundi wa barabara wamekaa kivulini wanakula ugali wao. Walikuwa wanapaka lami magogo ya daraja yasiliwe na mchwa, na kwa kazi hiyo walikuwa wamefunga mbao chini ya daraja, kutoka ukingo hadi ukingo, njia ya mguu mmoja. Nikamwendea nyapara wao.

"Baba, naomba nipite chini."

"Chini si njia, mama. Kuna giza, na lami inadondoka."

"Juu kuna mkwe."

Alikuwa Mnyakyusa, mwili wake wote ukaonyesha. Aliweka tonge chini. "Ugonile, mama," alinisalimu kwa kwetu, kwa heshima kama msibani. "Basi shika magogo ya kulia. Ya kushoto bado mabichi."

Nikajifunga khanga, kibweta mgongoni kama mtoto, nikaingia. Chini ya daraja kulikuwa kweusi kweli; mwanga ulipenya kwenye nyufa tu, na mto ulinguruma miguuni. Nilikwenda ubavuubavu. Hilo, kama Bwana Futi angetaka kuliandika, ndilo handaki pekee tulilolipata katika safari ile, na halikuhitaji mtu akate bomba la moshi.

Nilipofika katikati, nyumba ilikuwa juu yangu. Punje za mpunga zilinianguka kichwani kupitia kwenye nyufa. Nikasikia mkongojo wa mkwe ukigonga sakafu, nikasimama, kwa sababu mwili umezoea kusimama.

"Asukile," mkwe alisema.

"Naam, baba."

"Mama wa mtoto yuko wapi? Harusi bila mama yake itakuwaje?"

Mbao zililia alipobadilisha mguu. Nilingoja. Nilifikiri, leo atalisema lile neno. Mahali pake ni hapa.

"Ametangulia, baba," alisema Asukile.

"Vizuri," alisema mkwe. "Umepanga vizuri."

Tone la lami likaniangukia shingoni, likateremka begani. Sikulifuta. Niliendelea kutangulia.

Dereva wa lori la viazi alikuwa Mhehe, jina lake Kalinga. Aliponiona ninaibuka kutoka chini ya daraja, mpunga kichwani na lami begani, alizima injini kwanza. "Wewe ni mtu au ni wa mtoni?"

"Ni mama wa bibi harusi," nikamwambia. "Lori limejaa?"

"Kwa mama wa bibi harusi? Hivi viazi vitasogea."

Nilikaa mbele, mahali pa jogoo. Hatukuzungumza sana. Chimala tulinunua miwa, na jua likiwa bado juu kidogo ya milima nikashuka Ilomba, mlangoni kwa Damari. Lea alikuwa uani anachambua mchele. Alikuwa mrefu kuliko mimi. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mgeni, halafu akaangalia mikono yangu, halafu akaangusha ungo.

Jumamosi nilivaa lile gauni. Lami ilikuwa imepenya khanga na kushika ngozi, na mafuta ya Damari hayakuitoa, hivyo nilikwenda kanisani na doa jeusi shingoni. Wanawake wa Ilomba walifikiri ni mtindo wa Iringa. Mchungaji aliuliza baba wa bibi harusi yuko wapi. Watu wote walinigeukia.

"Sijui," nikasema.

Sijawahi kusema neno tamu kama lile. Lea alipotoka mlangoni kwa Damari kwenda kwa mumewe, aligeuka nyuma mara moja tu. Mara moja ilitosha.

Asukile na baba yake walifika Jumapili ibada imekwisha, na magunia yaliyojazwa upya kwa bakuli. Niliposikia mkohoo nikaingia kichakani, maana mila ni mila. Kutoka huko nilimsikia Asukile akiwaeleza wageni waliobaki jinsi alivyopanga: kwamba aliona mapema daraja litaleta shida, na ndiyo sababu alimtanguliza mama wa mtoto kwa njia nyingine, ya haraka. Walimsifu sana.

Sasa wazungu wengine wa Iringa nao wamenunua nyumba za magurudumu, na kabla ya kuondoka humwita Asukile barazani, wakatandaza ramani. Huwaambia daraja lipi waliamini, pantoni liko wapi, na handaki lina kimo gani. Mabomba ya moshi yaliyokatwa kwa ushauri wake yamekuwa mengi uzunguni hata mafundi humsalimu kwa kuvua kofia.

Mimi bado nampikia mpishi huyu. Wakati mwingine akila namwona anatazama lile doa, ambalo limebaki kivuli shingoni, kisha anatazama sahani. Anajua kwamba daraja lilikuwa limezibwa. Anajua baba yake alikuwa ndani na mto ulikuwa umejaa. Angeuliza, ningemwambia. Lakini anayeuliza anakubali kwamba kuna jambo halijui, na hadi leo hajaniuliza nilivukaje.